Ndoo Ikitoka Kichwani Huhamia Mkononi: Kurudi Mbioni kwa Viatu vya Soli Nyembamba

Mtu akiniuliza kama viatu vya soli nyembamba vinamfaa anayerudi mbioni baada ya kuumia, namrudishia swali kwanza: ulikuwa unaumwa wapi? Wengi hushangaa, kwa sababu walikuja tuzungumze viatu. Mwezi Juni kijana mmoja wa kikundi chetu cha mchakamchaka hapa Tabora alinifuata na jozi mpya, ameikumbatia kama kuku aliyetoka kununuliwa mnadani. Soli yake unaikunja kwa vidole viwili. Alikuwa amekaa nje miezi miwili kwa maumivu ya kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu. Huko nyumbani alikuwa ameangalia video nyingi za watu waliokimbia pekupeku wakapona magoti. Magoti! Yeye goti lake lilikuwa zima kabisa.

"Kaka, hivi si vinaponya?" aliniuliza.

Vinaponya nini, na vinaumiza nini, ndiyo habari yenyewe.

Kiatu cha namna hii hukinga unyayo na mbigili na vipande vya chupa, basi. Kazi iliyobaki huuachia mguu wenyewe. Ni chepesi, kinakunjika, mbele ni kipana vidole vitanuke, na kisigino hakijainuliwa. Hilo la kisigino ndilo la kulitazama kwa makini. Raba ya kawaida ya kukimbilia huinua kisigino milimita 10 hadi 12 kuliko sehemu ya vidole. Viatu hivi vyembamba huinua kati ya milimita 0 na 4 tu. Ukiondoa bei na rangi, si kitu kigeni kwetu: katambuga za tairi ziko hivyo, na raba za kitambaa tulizovaa shuleni zilikuwa hivyo.

Nikifika hapo, wazee wa kikundi hunikatiza. Wanyamwezi, wanasema, walibeba frasila mbili za mali, kilo kama 32, kutoka hapa mpaka Bagamoyo wakiwa miguu mitupu, na hakuna aliyeulizia soli. Ni kweli, na naliheshimu jambo hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini tuwaangalie wapagazi vizuri. Walitembea, hawakukimbia. Anayetembea daima ana mguu mmoja chini, ilhali mkimbiaji kila hatua huruka na kutua, na akitua mguu mmoja hupokea nguvu kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Tena miguu ile ilianza kazi utotoni, ikachunga, ikalima, ikafuata maji, mpaka mifupa yake ikakomaa kwa kazi hiyo. Mimi nimekaa ofisini miaka kumi na saba nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vya kisigino kigumu. Jina la kabila ninalo. Miguu ile sina.

Kwa hiyo nilipotafuta mfano wa kumwelezea yule kijana, niliwaacha wapagazi nikamchukua dada yake anayeteka maji. Anaweka ngata kichwani, anaweka ndoo ya lita 20 juu ya ngata. Ngata haipunguzi hata tone la maji. Inapanga tu uzito ukae wapi na kwa upole gani. Shingo ikianza kumuuma, ataishusha ndoo aibebe mkononi. Shingo itapumzika, kweli. Kesho atakuamkia akishika bega.

Sponji ya raba ni ngata. Ukiiondoa, uzito uko palepale, ila umehama.

Umehamia wapi? Mwenye kisigino kinene huweza kurusha mguu mbele na kutua na kisigino, kwa sababu kuna kitu cha kuupokea mshindo. Hapo goti na misuli ya paja hufanya kazi kubwa. Mvue kiatu hicho mwambie akimbie kwenye ardhi ngumu: baada ya hatua chache kisigino kinalalamika, anafupisha hatua, anaziongeza idadi, na wengi huanza kutua na katikati ya wayo au mbele yake. Mzigo wa goti unapungua. Lakini sasa kifundo cha mguu kinakunjwa kama springi, na kinachoizuia springi hiyo ni shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino. Kano hiyo, hata katika mbio za kawaida, huvutwa kwa nguvu inayofika mara sita ya uzito wa mwili au kuzidi. Mtu wa kilo 70 anazungumzia zaidi ya kilo 400, na katika nusu saa ya mbio kila mguu hutua kama mara 2,500. Kisigino kikishushwa milimita 10 kwa mkupuo, kano iliyozoea kufanya kazi ikiwa imelegea kidogo inalazimika kuifanya ikiwa imenyooshwa zaidi.

Ndiyo maana nilimwambia yule kijana afunge boksi lake. Angekuwa anaumwa goti, ningemwambia jambo jingine kabisa.

Watu wengi husimulia habari hii kuanzia Roma mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda marathoni ya Olimpiki pekupeku kwa saa 2:15:16. Ni simulizi tamu. Inayosahaulika ni kwamba miaka minne baadaye, huko Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu, na kwa muda mzuri zaidi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, wakiwamo waliopima wakimbiaji wa Kenya, walichapisha utafiti katika jarida la Nature ulioonyesha kuwa waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua na sehemu ya mbele ya wayo na kuukwepa ule mshindo wa ghafla wa kisigino. Dunia ikaupokea kama amri ya kuvua viatu, ingawa utafiti haukusema hivyo. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wanaokulia pekupeku. Walipokimbia kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, wengi wao walitua na kisigino. Mguu mtupu haumfundishi kila mtu somo lilelile, na kasi nayo ina sauti yake.

Wakati huohuo, Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani walichukua wakimbiaji 36 wenye uzoefu. Nusu hivi walibaki na raba zao, waliobaki wakahamia polepole, kwa wiki 10, kwenye viatu vyembamba vyenye nafasi ya kila kidole. Wote walipigwa picha za MRI, zinazoonyesha hata ndani ya mfupa, kabla na baada. Katika 19 waliohamia, 10 walionekana na uvimbe zaidi ndani ya mifupa ya miguu, yaani mfupa ulikuwa unalemewa. Hao walikuwa watu wazima wa afya, waliofuata mpango. Mwaka uliofuata, 2014, kampuni ya Vibram iliyotengeneza viatu vya aina hiyo ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai ya faida za kiafya kwenye matangazo yake, bila kukiri kosa. Viatu vyenyewe havikuwa vibaya. Ahadi ndizo zilizovuka mpaka.

Mfupa ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu ndio ulionifundisha.

Miaka mitatu iliyopita goti langu la kulia liligoma. Nilikuwa nimeongeza umbali haraka mno, na kila nikishuka ngazi lilinichoma kwa mbele. Nikapumzika, nikanunua viatu vyembamba vya mtumba, nikaanza upya. Wiki ya kwanza mashavu ya miguu yalikaza kama mbao. Wiki ya pili yakazoea. Wiki ya tatu nilikuwa nakimbia kilomita 6 kutoka Cheyo na kurudi, goti kimya, nikiwatangazia watu habari njema. Wiki ya tano, asubuhi ya Jumanne, karibu na miembe, nilisikia kitu juu ya wayo wa kushoto. Hayakuwa maumivu makali. Ilikuwa kama kamba ya kiatu imefungwa kwa nguvu. Nikailegeza. Nikaendelea. Jioni nilikaa barazani, nikapitisha kidole gumba taratibu juu ya ule mfupa mrefu unaoelekea kidole cha pili. Nusu yake ya kwanza, hakuna kitu. Kisha nikafika mahali penye upana wa punje ya mahindi, nikaruka kwenye kiti.

Nilikwenda kupiga eksirei. Nikaambiwa mfupa ni mzima, nikachue na mafuta. Nilichua, na nikakimbia mara mbili zaidi. Wiki tatu baadaye picha ya pili ilionyesha ufa ukiwa tayari unavikwa mfupa mpya, uvimbe mdogo kama fundo la muwa. Sikujua wakati huo, na ningependa kila mkimbiaji ajue: ufa wa namna hii kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo. Picha safi na kidole kinachogundua sehemu moja yenye maumivu vikigombana, kiamini kidole. Pumzika, urudi kupiga picha tena.

Kwa nini wiki ya tano, wakati misuli imeshazoea na mtu anajiona mshindi? Mfupa ukipewa kazi mpya hujijenga upya, lakini hujijenga kama fundi anayekarabati ukuta wa udongo: kwanza anabomoa sehemu iliyochoka, ndipo anajaza mpya. Kubomoa huchukua wiki kadhaa. Kujaza huchukua miezi kama mitatu. Katikati hapo pana kipindi ambacho ukuta una mashimo mengi kuliko siku ulipoanza. Misuli hubadilika kwa wiki, kano na mifupa kwa miezi. Pumzi na misuli vinakwambia uko tayari, nawe unapeleka kilomita 6 kwenye ukuta wenye mashimo. Mifupa ile mitano mirefu ya wayo ni myembamba kama penseli, na ukianza kutua na mbele, mshindo unafikia hapo kwanza.

Sasa turudi kwenye swali la unaumwa wapi.

Mwenye goti la mbele, lile linalochoma kwenye ngazi na baada ya kukaa muda mrefu, ndiye mwenye sababu nzuri ya kuvijaribu. Hata huyo asianze wakati goti bado linawaka, na mara nyingi atapata nusu ya faida bila kununua chochote: afupishe hatua kidogo na aongeze idadi yake kwa sehemu 5 hadi 10 katika 100, katika raba zilezile. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kutoa shilingi.

Aliyeumia kano ya kisigino au shavu la mguu, asiviguse mpaka kano iwe imepata nguvu kuliko ilivyokuwa kabla ya kuumia. Dawa yake ni ya kuchosha na haina mauzo: simama kwenye ukingo wa ngazi ya baraza kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shusha kisigino polepole hadi kipite chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Ndivyo alivyowapa wagonjwa wake Håkan Alfredson wa Uswidi katika utafiti wake wa mwaka 1998, na mpaka leo wataalamu wa viungo wanajenga juu yake. Maumivu yakiwa pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya ukingo. Ishia usawa wa ngazi.

Aliyepata ufa kwenye mfupa wa wayo, kama mimi, asahau viatu hivi kwa miezi. Mifupa ya katikati kwa kawaida huunga ndani ya wiki 6 hadi 8, ila kuunga ni jambo moja na kuzoea mbio ni jingine. Ufa wa upande wa kidole kidogo karibu na shina lake, au wa mfupa wa juu katikati ya wayo, ni wa daktari kabisa. Hiyo huunga kwa shida. Na dada ambaye hedhi imekatika tangu aongeze mazoezi, au yeyote anayekimbia sana akila kidogo, mifupa yake inadai chakula kabla ya kudai kiatu.

Maumivu ya ugoko na ya unyayo karibu na kisigino yako katikati. Kwa hayo ningesubiri yatulie, kisha nianze kwa kutembea tu. Mwenye kisukari ambaye ganzi imeanza miguuni asivivae wala asitembee pekupeku. Mwiba atakaoukanyaga hatausikia, na kidonda kitamtangulia kujua.

Uzito nao si wa kuonea haya kuutaja. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa hatari ya kuumia kwa viatu hivi ilikuwa kubwa kwa wenye zaidi ya kilo 71 hivi. Mimi nina 82.

Kwa atakayeanza, ardhi ya Tabora ina upendeleo wake na mitego yake. Mji ni tambarare, hutapambana na milima. Lakini kandokando ya njia zetu pana mchanga, hasa kiangazi, na watu hudhani mchanga ni laini kwa hiyo ni salama. Mguu ukizama, kisigino hushuka zaidi ya vidole na kano huvutwa zaidi. Tafuta udongo ulioshindiliwa, ile njia ya baiskeli iliyokazwa na matairi. Kokoto za reli ziache kabisa.

Kabla ya hatua ya kwanza ya mbio, mtu aweze kutembea haraka nusu saa nzima siku tatu mfululizo bila maumivu, na aweze kusimama kwa mguu mmoja akainua na kushusha kisigino mara 20 au zaidi bila kuyumba. Aanze mbio katika raba alizozizoea: dakika moja mbio, mbili kutembea, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka afike nusu saa ya mbio tupu. Wakati huo viatu vyembamba viwe vya kuendea sokoni na kufagilia uwanja. Hapo ndipo viingie mazoezini, dakika 5 mwanzoni mwa mbio wakati miguu haijachoka, mara mbili kwa wiki, na dakika 2 au 3 za nyongeza kila wiki mambo yakiwa mema. Usibadilishe viatu na umbali wiki moja. Ukibadilisha vyote viwili, kikiuma hutajua umhoji nani.

Kuhusu maumivu, hakimu ni asubuhi. Ukiyapima kwa 0 hadi 10, kwa goti au kano, 2 au 3 wakati wa mbio yanavumilika kama ukiamka kesho mguu uko kama jana. Ukiamka unachechemea kwenda msalani, ulizidisha. Kwa mfupa hakuna kuvumilia: kinachoruhusiwa ni 0.

Wiki ya sita au ya saba ya viatu vyembamba, mtu anapojisikia simba, ndipo namwomba asiongeze kitu. Akae palepale wiki mbili. Ni vigumu kumwambia mtu apunguze siku anayojisikia vizuri kuliko zote, na nimewahi kununiwa kwa hilo.

Yule kijana alinisikiliza, tena akanizidi akili. Boksi aliliweka juu ya kabati. Raba zake za zamani akazipeleka kwa fundi viatu jirani na soko. Nilikwenda naye. Mzee yule alituitikia mwangaluka bila kuinua macho, akapima sponji ya kisigino kwa rula ya shule, akachora mstari kwa kalamu ya risasi. Akaibandua soli ya chini, akapitisha kisu kilichonolewa mpaka kimekonda, akatoa kipande chembamba kama gamba la muhogo, nene upande wa nyuma na kuishia bila kitu katikati ya wayo. Milimita 3 tu. Akagandisha soli upya kwa gundi, akagonga. Baada ya wiki sita walirudia. Baada ya nyingine sita, mara ya tatu. Kila mara alikuwa akishusha kisigino chake ngazini kwetu, 15, 15, 15, huku mama yake akimuuliza kama anataka kuibomoa baraza ya watu.

Mwezi Desemba alilishusha boksi. Jumamosi, mvua ikiwa imepita usiku na udongo umekaza vizuri nje ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, alivaa viatu vyake vipya akakimbia dakika 5 kwa saa ya mkononi. Kisha akaketi kwenye tofali, akavivua, akavaa raba zenye kisigino kilichokatwa, akatukimbilia huku akipiga kelele tumsubiri.